Meli ya doria kwa nchi ndogo: boti ya kasi, meli ya wastani au meli kubwa?

Kutoka Mahé hadi Aldabra ni zaidi ya kilomita 1,100 za maji matupu, na ukifika bado uko ndani ya nchi ile ile. Shelisheli ina visiwa 115, watu laki moja na ushei, na nchi kavu isiyofika kilomita za mraba 500. Bahari yake ya kiuchumi, ile ambayo jodari wake na chochote kilicholala chini yake ni mali ya Washelisheli, inapita kilomita za mraba milioni 1.3. Tanzania nzima, pamoja na maziwa na mbuga zake, ingeingia humo na nafasi ikabaki. Sasa wape watu hao laki moja pesa ya chombo kimoja cha doria, uwaulize wanunue kipi.

Swali hilo limewahi kuulizwa Victoria, Port Louis na Moroni, miji mikuu ya Shelisheli, Morisi na Komoro, na hata huku kwetu kwenye mabaraza ya Unguja na Mombasa, ambako kila mtu akishamaliza kahawa ya pili huwa amiri jeshi. Mmoja anataka boti inayopaa juu ya maji. Mwingine anataka meli yenye mzinga mkubwa na uwanja wa helikopta. Nimeandika ulinganisho huu kwa aliyekwama katikati yao: mwanafunzi wa mambo ya bahari, mjumbe wa kamati ya bajeti, au mlipa kodi anayetaka kujua kinachonunuliwa kwa jina lake. Nitangulize udhuru: miaka yangu ya kazi niliimaliza chumba cha injini, sikukaa juu kwenye usukani. Kwa hiyo mambo haya nayatazama kutokea chini.

Tupime kwa nini?

Watu hupenda kuanza na urefu wa meli na mwendo wake. Mimi naanza na siku za baharini: katika siku 365, chombo hiki kitakuwa nje kikifanya doria siku ngapi? Meli iliyofungwa gatini ni ghala lenye bendera. Kila kipimo kingine kinarudi hapo.

Kwa kila chombo nitauliza mambo matano. Kinafika wapi na kinarudi na mafuta kiasi gani. Kikishafika, kinaweza kazi gani: kufukuza magendo, kukagua meli za uvuvi, kuokoa watu, kubeba mizigo ya visiwa vya mbali. Kinavumilia vipi bahari ikichafuka, maana kusi ya Bahari ya Hindi haimwoni mtu uso. Kinataka mabaharia wangapi, wa ujuzi gani. La tano, ambalo siku ya sherehe halitajwi, ni gharama baada ya kukabidhiwa: dizeli, vipuri, chelezo (mahali pa kupandishia meli itengenezwe), fundi.

Kuhusu dizeli, shika hesabu moja. Chombo kinachokata maji, ukitaka kukiongezea mwendo mara 2, nguvu inayohitajika hukaribia mara 8. Ndiyo maana meli iliyoandikwa kwenye karatasi kuwa ina noti 34, yaani maili 34 za baharini kwa saa, huzunguka doria kwa noti 12 au 14. Mwendo wa juu ni wa dakika chache za kumkamata mtu, na dakika hizo zina bei.

Boti ya kasi

Hizi ni boti za mita 10 hadi 30 hivi, na nyingi za leo hazina rafadha. Injini huvuta maji na kuyatupa nyuma kwa nguvu. Mwaka 2016 India iliipa Shelisheli boti moja ya namna hii, ikaitwa Hermes. Msumbiji nayo ilipewa mbili na India mwaka 2019.

*Inafika wapi.* Boti ya India ya mita karibu 28 inakimbia hadi noti 45, lakini masafa yake ni kama maili 500 za baharini (maili moja ni kilomita 1.85 hivi), tena kwa mwendo wa wastani. Ni chombo cha kwenda na kurudi ndani ya siku moja au mbili. Kutoka Mahé haiioni Aldabra kabisa.

*Kazi.* Hapa ndipo inapong'ara, kwenye maji membamba. Mlango wa Pemba ni kilomita 50 hivi, na aliyepakia karafuu usiku kuzipeleka ng'ambo haendi na jahazi la kubembea; anakwenda na injini mbili za nyuma, na alfajiri amefika. KMKM wa Zanzibar, yaani Kikosi Maalumu cha Kuzuia Magendo, wanaujua mchezo huo tangu zamani. Kati ya Anzwani na Mayotte ni kilomita kama 70, na Wafaransa wanaozuia vile viboti vya wahamiaji vinavyoitwa kwassa-kwassa wanategemea rada za pwani na boti za kasi. Katika maji kama hayo meli ya mita 70 ni tembo anayefukuza panya.

*Bahari ikichafuka.* Hapa inaumia, na wanaomo wanaumia zaidi. Nimewahi kutoka na boti ya namna hii mwezi Julai, kusi imekaza. Baada ya saa tatu hakuna aliyekuwa akizungumza. Unashika chuma kwa mikono yote miwili, magoti umeyakunja kidogo ili uti wa mgongo usipokee pigo, na kila wimbi unalisikia kwenye meno. Chai haichemki, kwa sababu birika halikai. Tuliporudi, kijana mmoja alivua fulana kukawa na michirizi miekundu kifuani pale mkanda ulipomshika. Chombo kilikuwa kizima. Waliochoka ni watu, na kesho yake hawakutoka.

*Watu.* Kumi au kumi na wawili wanatosha, na kwa boti ndogo zaidi hata wanne. Kwa nchi yenye vijana wachache wa kuajiri, hiyo ni faida kubwa.

*Baada ya kukabidhiwa.* Bei ya kununua ni ndogo, bei ya kuendesha kwa saa ni kubwa. Injini zinazozunguka kwa kasi kubwa huzeeka haraka. Mchanga na mifuko ya plastiki vikiingia kwenye mitambo ya kuvuta maji, kazi imekwisha. Ila chombo kinapandishwa nchi kavu kwa kreni ya kawaida, na fundi wa bandarini anaweza kukishika bila kukipeleka ughaibuni.

Inamfaa mwenye njia nyembamba, adui wa haraka na gati karibu. Asiyekuwa na rada au ndege ya kumwambia aende wapi atachoma mafuta akitafuta.

Meli ya doria ya wastani

Mita 40 hadi 50, mabaharia thelathini na kitu, mzinga mmoja mbele. Kwa nchi nyingi ndogo hii ndiyo "jeshi la majini" lote. Shelisheli inaijua vizuri. Mwaka 2005 ilipewa na India meli ya mita 46 iliyokuwa ikiitwa Tarmugli, ikabatizwa Topaz. Mwaka 2014 ikaja dada yake, Constant. Mwezi Aprili 2021 ikakabidhiwa Zoroaster, mpya, ya mita 48.9, iliyoundwa Kolkata kwa takriban rupia bilioni 1 za India.

*Inafika wapi.* Tufanye hesabu ya Aldabra. Zoroaster ina masafa ya maili 1,500 ikienda pole pole. Mahé hadi Aldabra ni kama maili 605. Kwa noti 14 ni saa 43, yaani usiku wa kwanza, mchana, usiku wa pili, na bado hujafika. Kwenda na kurudi ni maili 1,210. Zinabaki kama 290 za doria yenyewe, na hapo nahodha hajaongeza mwendo hata mara moja kumfukuza mtu. Akikanyaga mafuta nusu saa, anaanza kuitazama saa ya tangi kuliko rada. Ukijua hesabu hiyo, utaelewa kwa nini kisiwa cha Assumption, ambacho kiko karibu na Aldabra na kina kiwanja cha ndege, kimezungumzwa sana.

*Kazi.* Karibu kila kitu kwa kiasi. Tarehe 30 Machi 2010, katika miaka ile ya maharamia wa Kisomali, Topaz iliwakomboa watu 27 waliokuwa mateka kwenye jahazi la Kiirani: Wairani 21 na wavuvi 6 wa Shelisheli. Ilipokuwa ikirudi nao nyumbani ikashambuliwa tena, ikajibu mapigo na kuzamisha vyombo vya waliomshambulia. Fikiria hilo kwa utulivu. Boti ya kasi isingekuwa na mahali pa kuwalaza watu 27 wala maji ya kuwanywesha. Meli kubwa ingeweza zaidi, lakini Shelisheli haikuwa nayo. Iliyofanya kazi ni iliyokuwepo, iliyokuwa na mafuta, na ambayo injini zake zilikuwa nzima siku hiyo.

*Bahari ikichafuka.* Inavumilia, kwa kuyumba sana. Kula kunawezekana, kulala kunawezekana kwa aliyezoea, lakini kushusha kiboti cha kwenda kukagua meli ya uvuvi wakati wa kusi ni kamari. Siku nyingine nahodha ataiona meli ya wavuvi wa kigeni, ataiandika jina na mahali ilipo, na kuiacha iende.

*Watu.* Thelathini na tano baharini maana yake ni zaidi ya hapo kwenye orodha, kwa sababu kuna wagonjwa, wa likizo na walioko masomoni. Wagumu kupatikana ni wawili watatu: fundi mkuu wa injini, fundi wa umeme na wa rada. Hao ukiwasomesha, kampuni za meli za mizigo na za mafuta zinawachukua kwa mshahara ambao serikali ndogo haiwezi kuugusa.

*Baada ya kukabidhiwa.* Hapa nitasimulia, kwa sababu ndipo nilipoishi. Meli niliyokuwa nikiihudumia, ya ukubwa huu huu, ilisimama wiki sita kwa sababu ya impela. Impela ni kile kigurudumu cha mpira ndani ya pampu inayovuta maji ya bahari kupoza injini. Kinaingia kiganjani. Mbawa zake tatu zilikatika, injini ikaanza kuchemka, tukazima. Mfano wake haukuwepo nchini. Uliagizwa, ukakaa forodhani, ukatoka ukiwa saizi siyo, ukaagizwa tena. Kila asubuhi nahodha alishuka chini, akaweka kiganja juu ya injini iliyopoa kana kwamba anampima mtoto homa, akaniuliza, "Bado, fundi?" Nami, "Bado, kapteni." Akapanda. Wiki sita. Meli ya mamilioni, watu thelathini na kitu wakila mshahara, wavuvi haramu wakijichotea, kwa ajili ya kipande cha mpira.

Juu ya hayo kuna chelezo. Meli ya mita 46 haipandi nchi kavu popote. Za Shelisheli zimewahi kurudi India kwa matengenezo makubwa, na meli iliyokwenda Kolkata au Visakhapatnam haimo kwenye doria, wala mabaharia wake.

Inamfaa nchi yenye visiwa vilivyotawanyika kiasi, maharamia au wavuvi haramu wa mara kwa mara, na mfadhili atakayeendelea kushika mkono miaka kumi baada ya picha kupigwa.

Meli kubwa ya bahari kuu

Mita 70 kwenda juu. Jirani mzuri wa kutazama ni Morisi. Nchi hiyo haina jeshi. Walinzi wake wa pwani ni sehemu ya polisi. Hata hivyo mwezi Machi 2015 ilipokea Barracuda, meli ya mita 74 iliyoundwa Kolkata kwa dola milioni 58.5, meli ya kwanza ya kivita India kuiuza nje.

*Inafika wapi.* Inafika na inabaki. Kutoka Port Louis, Rodrigues iko kilomita zaidi ya 500 mashariki, na Agalega karibu elfu moja kaskazini. Barracuda inakwenda huko na bado ina mafuta ya kuzunguka siku kadhaa.

*Kazi.* Inakagua, inaokoa, inabeba mizigo na watu wa visiwa vya mbali, ina sitaha ya helikopta. Ila kumkimbiza mtu hapana. Mwendo wake ni noti 22, na mwenye injini tatu za nyuma atampungia mkono. Dawa yake ni kubeba boti ndogo mgongoni na kuishusha.

*Bahari ikichafuka.* Bila ubishi ndiyo bora. Kikaango kinakaa jikoni, na mkaguzi anashuka akiwa na akili zake.

*Watu.* Zaidi ya themanini. Morisi yenye watu milioni 1.2 na ushei inaweza kuwapata. Kwa nchi ya watu laki moja, hao ni kijiji.

*Baada ya kukabidhiwa.* Morisi ilishawahi kujaribu kabla. Mwaka 1996 ilipokea Vigilant kutoka Chile, meli ya mita 75 yenye sitaha ya helikopta, fahari ya bandari. Ikaondoka kazini mapema kuliko inavyotarajiwa kwa meli ya chuma ya ukubwa ule. Walipoagiza Barracuda, hawakuitegemea peke yake; mwaka 2016 na 2017 waliongeza Victory na Valiant, meli mbili za wastani kutoka Goa, pamoja na boti kumi za kasi. Hapo naona wamejifunza kitu.

Inamfaa mwenye visiwa vya mbali vinavyokaliwa, bandari yenye kina, shule ya mabaharia, na bajeti ya dizeli ambayo waziri mpya hawezi kuikata.

Nani analipa, na anataka nini

Nchi ndogo mara nyingi haichagui dukani, hupewa. Zawadi nazo hazifanani. Australia iliwapa majirani zake wa Pasifiki meli za mita 31.5, jumla 22, tangu mwaka 1987, kisha kuanzia 2018 ikaanza kuzibadilisha na mpya za mita 39.5. Zilikuja na washauri, mafunzo na matengenezo, na kwangu hicho ndicho kilichozifanya zitoke gatini. Hata hivyo Samoa ilipata funzo chungu: Agosti 2021 meli yake Nafanua II ilipanda mwamba karibu na Savai'i, ikaonekana haitengenezeki, na haikuwa na nyingine.

India nayo iliomba Assumption. Makubaliano ya kujenga kituo pale yalitiwa saini mwaka 2015, yakarekebishwa Januari 2018, lakini wabunge wa upinzani waliokuwa wengi bungeni Victoria wakakataa kuyaidhinisha. Meli zikaendelea kuja, ila mjadala ule uliwafunza Washelisheli kuuliza kamba ya zawadi imefungwa wapi.

Msumbiji ilichukua njia ya mkopo. Mwaka 2013 na 2014 ilikopa takriban dola bilioni 2, sehemu kubwa kwa siri, kwa boti za doria, meli za kuvua jodari na mitambo ya ulinzi wa pwani. Deni lilipofichuka mwaka 2016, wafadhili walifunga mifereji na sarafu ya nchi, metikali, ikaporomoka. Vita vilipozuka Cabo Delgado mwaka 2017, boti hizo hazikuwa ngao.

Kabla ya chombo chochote, muulize mfadhili kuhusu macho. Mwaka 2013 Shelisheli ilipewa ndege ya doria ya Dornier, ikapata ya pili mwaka 2018. Ndege moja kwa saa chache hutazama bahari ambayo meli ingeichukua wiki kuipita. Binafsi, nikiambiwa nichague kati ya meli ya pili na ndege ya kwanza, nitachukua ndege.

Ukiwa katika hali hii, fanya hivi

Kama maji yako ni mlango mwembamba na tatizo ni magendo, uhamiaji au dawa za kulevya, nunua boti za kasi tatu au nne na rada ya pwani. Tatu, kwa sababu moja itakuwa nje, moja inapumzisha watu wake, na moja iko kwa fundi. Hesabu hiyo ya tatu kwa moja haimsamehe mtu yeyote baharini, awe na boti au manowari.

Kama visiwa vyako vimetapakaa ndani ya maili 300 au 400 na unavamiwa na wavuvi wa kigeni, meli mbili za wastani zinazofanana. Kufanana ni muhimu kuliko upya: impela ya moja inaingia kwenye nyingine, na fundi aliyejifunza moja amejifunza zote.

Kama watu wako wanaishi kisiwa cha siku mbili baharini, na wakiugua wanakutegemea wewe, meli kubwa ina hoja. Lakini iajirie mabaharia miaka miwili kabla haijafika, na uiwekee boti ndogo za kuisaidia. Ukishindwa hayo mawili, tafuta kwanza pa kuweka mafuta njiani ili meli ya wastani ifike.

Kama umepewa bure, usikatae kwa kiburi wala usipokee kwa furaha tu. Omba mkataba wa vipuri wa miaka mitano, fundi wao akae kwako mwaka wa kwanza, na wako wawili waende kusoma kiwandani.

Na kama pesa inatosha chombo kimoja tu, shuka ukubwa mpaka zitoshe viwili. Kisha mkiwa mezani na muuzaji, acheni kwanza habari za mzinga na noti. Mwulizeni impela ya pampu ya maji ya bahari inatoka mji gani, inafika kwenu kwa siku ngapi, na ngapi zitakuja ndani ya sanduku pamoja na meli.